Ubao Wetu wa Mwaka na Koti la Kijivu

Shikamoo, Mama Koku.

Najua hutaitikia, lakini kukuandikia bila kukuamkia kungeninyima raha siku nzima. Ni mimi Minza, mwanafunzi wako wa cherehani. Leo ni siku ya mwisho ya mwaka. Mvua ya ziwani inanyesha tangu asubuhi na Igoma yote ni matope. Niko barazani kwetu, kwenye kiti changu. Chako bado sijathubutu kukikalia. Ubao wa mwaka uko mapajani na sijabandika kitu.

Wateja hawakujua ule ubao ni wa nini. Waliona kipande cha silingibodi kimetundikwa nyuma ya cherehani, kimejaa vipande vya vitambaa na picha ulizokata kwenye kalenda na magazeti, wakadhani ni mapambo. Mimi pia nilidhani hivyo mwanzoni. Kumbe kila Krismasi ikipita ulikuwa unaushusha, unaufuta vumbi, kisha unabandika nguo unazotaka kuzishona mwaka unaokuja. Za wateja hazikuwemo. Zilikuwa zako: gauni uliloliona kanisani, kola uliyoiota ukaamka ukaichora. Ulisema mteja anakuja na lake, na fundi naye awe na lake.

Unakumbuka ubao wangu wa kwanza? Nilibandika sketi ya marinda, blauzi ya shule, gauni la ubatizo na foronya. Kabla ya Pasaka nilikuwa nimevimaliza vyote, nikaja kwako kifua mbele. Ukavitazama, ukachomoa pini moja moja, ukanirudishia ubao mtupu. "Hii ni orodha ya kwenda sokoni, Minza. Kinachokuogopesha kiko wapi?" Nilinuna hadi jioni. Wewe ukaendelea kushona huku unaimba nyimbo zenu za Kihaya, kana kwamba hakuna mtu aliyenuna.

Cha kwako cha kukuogopesha nilikijua. Kilikuwa kile kipande cha sufu ya kijivu, kona ya juu. Koti la kiume, lenye bitana, lenye mabega yaliyokaa sawasawa. Kila mwisho wa mwaka ulibandua vyote, hicho ukakirudisha kwenye matundu yale yale. "Bado," ulisema, basi. Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Nilifikiri umeshakata tamaa, unaona haya tu kukitoa. Nisamehe.

Mengi yamebadilika tangu tukuzike. Mitumba, kafa-ulaya kama ulivyozoea kuiita, imefika mpaka kizingitini kwetu. Robota likifunguliwa watu wanasukumana. Mama mmoja uliyewashonea watoto wake wote alipita juzi na gauni la mtumba, akajifanya anaangalia barabarani. Simlaumu, lilimpendeza. Naye Baba Neema, jirani yetu mwenye meza ya mitumba, amenijia kwa heshima zote. Anataka niache kushona nguo mpya, nihamishie cherehani kwake, niwe napunguza suruali na kubana magauni ya wateja wake. Jibu anataka leo. Ana nia njema, usimkasirikie. Nilikaribia kukubali, Mama Koku, nakwambia ukweli. Asubuhi nilipoushusha ubao nilitaka kuufanya kifuniko cha pipa la maji.

Halafu mwanao Koku akapita na foronya iliyofungwa fundo. Amekuja kutoka Bukoba kugawa nguo zako, na hiyo aliikuta chini kabisa ya sanduku la bati, akadhani ni mabaki ya vitambaa vya kazini. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na koti la kiume la kijivu. La mtumba. Wewe, uliyenikataza hata kununua soksi kwenye ile meza! Upande wa kulia ni mzima. Wa kushoto umeufumua wote, mshono kwa mshono, na kila kipande umekiandika namba kwa chaki: kola, bitana, kile kitambaa kigumu cha kifuani, hadi kipande cha sponji cha begani. Chini yake nikakuta mikono mitatu ya koti, ya marekani, kile kitambaa rahisi cha pamba cha kujaribia, umeikata na kuishona mwenyewe. Yote imevimba begani. Ule wa tatu umevimba kidogo tu.

Nikamuuliza Baba Neema. Alicheka, kisha akainama. "Alilinunua hapa kwangu, asubuhi moja wewe hujafika. Akaniapisha nisikwambie."

Nimelia mbele za watu, Mama Koku. Fundi aliyewavisha mabibi harusi wa Igoma anarudi kwake Nyakato jioni, anakaa chini kujifunza upya kwa koti la mtu asiyemjua. Asubuhi yake anakuja kunifundisha pindo kwa uvumilivu ule ule. Kiburi chako nilikijua, na ulikimeza ili ujue mkono unavyoingia begani. Kumbe ile "bado" ilikuwa ya mtu aliye kazini. Najivunia kufundishwa na wewe. Sikukwambia ulipokuwa unanisikia, na hilo linaniuma.

Baba Neema nimemjibu. Suruali nitampunguzia Jumamosi, lakini cherehani haitoki barazani. Nimemwomba pia aniwekee koti lolote litakalokosa mnunuzi. Amekubali, ingawa ametikisa kichwa.

Sasa natia pini. Nimebandika gauni moja la kitenge ninalolitaka tangu zamani, na picha ya kola niliyoikata kwenye kalenda. Kipande cha kijivu nimekirudisha kona ya juu, kwenye matundu yako. Pembeni yake nimeutundika ule mkono wa tatu, nisisahau ulipofika. Upande wa kulia wa koti sitaugusa mpaka niuelewe wa kushoto. Nikikosea nitakosea kwa marekani, kama wewe.

Pumzika, mwalimu wangu. Kwaheri. Mkono wa nne nitaukata kesho asubuhi, na nitaukata nikiwa nimekalia kiti chako.

Wako,
Minza