Baba wa Miti

Sabato, Januari 1976. Jua kali tangu asubuhi. Kanisani nimekaa nyuma, nikatoka kabla ya sala ya mwisho, kwa sababu diwani alikuwa mbele anasifiwa tena.

Wanamwita Baba wa Miti. Jina hilo nililitunga mimi.

Mimi ni karani wa ofisi yake, na ndiye natuma habari za huku kwa gazeti na redio. Miaka minne iliyopita diwani alikuja na mpiga picha kwa chemchemi yetu hapa chini ya Magwagwa, kupanda mikaratusi. Alipanda mmoja. Alisimama juu ya gunia, viatu visiguse matope. Mpiga picha alimwinamisha mara tatu mpaka kofia ikakaa vizuri. Ile mingine yote ilipandwa na wamama, na hakuna mama hata mmoja kwa picha.

Nikaandika, "Baba wa Miti aokoa chemchemi." Nikaongeza "kiongozi wa mazingira," neno nililosikia kwa redio wiki hiyo. Maana yake sikujua. Lilikuwa neno lililovaa suti.

Sasa, kwa Kikisii baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Mama yangu hajui Kiswahili, na aliposikia jina hilo kwa redio alicheka mpaka akaweka debe chini.

"Mwanamume huyo ni mama wa miti? Basi ainyonyeshe."

Nikamweleza ni Kiswahili. Hakunisikiza. Mwaka uliofuata maji yakapungua, akaniambia bila kucheka, "Huyo mama hana maziwa. Watoto wake wananyonya chemchemi yetu."

Alikuwa sawa. Mkaratusi unakunywa kama ng'ombe. Yeye na wenzake watatu wakataka kuing'oa miti ile ikiwa bado myembamba, wakaja kuniuliza kama ni makosa, maana mimi ndiye nimesoma. Nikawaambia wangoje. Halafu nikaandikia redio kwamba atakayegusa miti ile ni adui wa maendeleo. Ikasomwa mara mbili. Wamama wakaogopa polisi, wakanyamaza.

Mama aliyenizaa nilimwita adui.

Upuuzi mtupu. Kiongozi wa mazingira ni mtu anayejua kuinama mbele ya kamera, basi. Redio ikirudia, hata yeye anaamini. Siku hizi diwani anatembea polepole kama yeye ndiye aliumba mvua. Ninamdharau sana. Lakini yeye anasoma hotuba tu. Anayeandika ni mimi.

Leo kutoka kanisani nimemkuta mama anapanda kutoka mtoni na debe kichwani. Chemchemi imebaki matope. Mtoni ni saa nzima, na goti lake ni bovu. Nikalichukua debe.

"Baba," nikamwambia, "yale maneno ya adui niliandika mimi."

"Ulifikiri sijui? Jirani alinitafsiria siku ile ile."

Miaka yote alijua. Na kila nikienda kwake ananipikia chai, kwa maji ya kutoka kule chini mtoni.

Diwani anangoja hotuba nyingine Jumatatu, ya kujisifu huko Ikonge. Sitaandika. Kesho mchana, watu wakiona, nakata miti ile na shoka, nikianza na ule wa kwenye picha. Kazi yangu ya ukarani itaisha, najua.

Lakini maji yanarudi mti ukikatwa, au nimechelewa?