Nyota ya Katikati

Fasi, 12 Machi 1987

Wifi yangu Zhor,

Mvua imekatika na mchungwa wa uani umetoa maua. Marehemu kaka yako angefurahi. Mimi wanawe wamenichosha.

Alituacha kabla ya kumaliza vigae vya kupamba ukuta wa bomba la maji la mtaa wetu. Unajua vipande hupangwa uso chini, vikamwagiwa plasta mgongoni, na kosa halionekani mpaka bamba likauke na ligeuzwe. Ndiyo maana siku zote alianza na nyota ya katikati, akiikandamiza taratibu kwa kidole gumba kama anayemlaza mtoto. Lakini Abdelhaq na Mfaddal hawasemezani, basi kila mmoja akaanzia pembeni kwake. Jana wakamwaga plasta, ikakauka, wakageuza. Katikati kulikuwa na nusu mbili za nyota zilizopishana.

"Upande wako ndio umepinda," alisema Mfaddal.

"Wangu? Wewe hata safu ya msikitini unaipinda!"

"Nyamazeni!" nikasema. "Baba yenu hakuwaachia pande mbili. Aliwaachia nyota moja. Vunjeni, muanze upya."

Wakavunja. Kisha, wifi, wakagombania nani aiweke hiyo nyota!

Nikaiweka mwenyewe, mimi ninayejua kukanda mkate tu, nikaikandamiza kwa kidole gumba. Sasa wanapanga kuizunguka. Bado wamenuniana, lakini kila wanaposogea magoti yao yanagusana, na hakuna anayelivuta lake.

Ukimwombea kaka yako Ijumaa, nami unikumbuke.

Wifi yako,
Ghita