Kumwachisha Asi Kunyonya

Jumapili, 6 Julai

Mandazi yameungua tena. Nilikuwa nayageuza, Asi akavuta blauzi yangu, nikakaa chini nimnyonyeshe mara moja tu. Hiyo mara moja ikawa ndefu. Sinia zima jeusi. Nimeyauza hivyo hivyo kwa bei ya huruma. Nachukia bei ya huruma.

Jioni nilimpeleka kando ya maji kuona viboko. Ndiyo matembezi yetu ya Jumapili, mimi na binti yangu, tangu baba yake aende Juba kutafuta kazi na simu yake ianze kusema haipatikani. Viboko hawakutokea. Tuliona mgongo mmoja, au labda lilikuwa jiwe. Asi alilipigia makofi jiwe. Familia moja ilitupita, baba mbele, watoto wamevaa soksi. Tukawapisha.

Jumanne, 8 Julai

Leo nusura tuungue wote wawili. Karai limejaa mafuta ya moto, Asi akaniparamia mgongoni kutoka nyuma. Karai likayumba. Mafuta yakamwagika upande wa pili. Nilimchapa mkono. Nikalia kuliko yeye. Halafu nikampa titi anyamaze, yaani nikampa zawadi kwa kosa lake.

Mama Kevine, jirani yangu Mrundi, alikuja kwa sababu ya kelele. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“We, mtoto ana meno yote na bado ananyonya? Ona mikono yake. Mupeleke kwa bibi yake amuachishe.”

Bibi yake yuko Fizi, kule Kongo, kama bado yuko.

Mikono ni myembamba, kweli. Kliniki walimpima kwa ule utepe wa rangi, ukasimama kwenye njano. Muuguzi alisema lazima ale. Uji anautema. Maharagwe anayapanga chini kama askari. Anataka mimi tu. Kusema kweli hilo lilikuwa linanifurahisha. Ni nani mwingine ananitaka?

Jumatano, 9 Julai

Nimepaka titi mubirizi. Mama Kevine alinitwangia majani yenyewe, machungu mpaka harufu. Asi alionja, akakunja uso, akayafuta kwa kiganja, akaendelea kunyonya. Nilicheka peke yangu. Hakuna wa kumsimulia.

Kwetu kazi hii haifanywi na mama. Mtoto anapelekwa kwa nyanya yake. Analia siku za kwanza, kisha anakula na binamu zake kwenye sahani moja, anarudi amesahau. Mama haruhusiwi kuonekana. Akionekana, kila kitu kinaanza upya. Nilikua nikiwaona watoto hao wakiletwa uani kwa nyanya yangu na kuondoka wamenenepa. Sikuwahi kujiuliza mama zao huko makwao walikuwa wanafanya nini.

Hapa hakuna nyanya. Kuna Mama Kevine, na kati yetu ni ukuta mmoja wa udongo. Asi angenisikia nikikohoa.

Nimempigia Solange. Tulifika hapa kambini Nakivale kwenye lori moja, yeye na mimi. Sasa anasuka nywele Kakoba, kule Mbarara. Hana mtoto, hana mume, ana televisheni. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Juma moja na siku chache, tumepatana.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempeleka.

Nilijifanya tunatembea. Boda mpaka Kabingo, hapo nikamnunulia ndizi, akala nusu. Kisha gari mpaka Mbarara. Njia nzima alikuwa anawaita ng'ombe wenye mapembe marefu. Mjini kuna sanamu kubwa ya ng'ombe barabarani, nikaomba tushuke karibu ili aione. Aliipungia mkono. Alisubiri impungie na yeye. Alikuwa na furaha sana, na hilo ndilo lililoniuma. Matembezi mazuri kuliko yote niliyompa, na yalikuwa mtego.

Kwa Solange kulikuwa na katuni. Asi akakaa sakafuni, mdomo wazi. Solange alinikonyeza. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Sikumuaga. Ndivyo inavyofanywa.

Mwenye boda wa Kakoba alinitazama kwenye kioo chake.

“Mama, wewe nalia nini? Mutu iko amekufa?”

Nikamwambia hapana.

“Basi twende.”

Twende.

Jumamosi, 12 Julai

Nyumba ni kubwa mno. Ni chumba kimoja.

Mandazi hayakuungua hata moja. Wateja wamesifu. Nilitamani kuwarushia.

Jumapili, 13 Julai

Kifua kimekuwa mawe. Homa kidogo. Mama Kevine alinikanda kwa kitambaa cha moto, akinisimulia watoto wake saba walivyoachishwa, kila mmoja na kituko chake. Nimekamua maziwa kwenye kikombe, nikamwagia mgomba wa nyuma ya nyumba. Angalau mgomba unenepe.

Sikwenda kuona viboko. Mtu mzima akienda peke yake kuangalia viboko, watasema amechanganyikiwa.

Solange ameandika kwamba Asi bado analia akitaka kulala. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Haya, niliandike, maana hakuna atakayesoma: ulinituliza.

Jumatatu, 14 Julai

Ameacha kulia, anasema Solange. Nilitaka aache. Nilitaka asiache.

Swali langu sasa ni moja tu. Atasahau kunyonya peke yake, au atanisahau na mimi?

Jumatano, 16 Julai

Solange alipiga mchana. Mayai. Matoke. Maziwa ya ng'ombe, kikombe kizima, na anadai kingine. Nilisikia Asi anacheka nyuma. Sikuruhusiwa kumsemesha, sauti yangu ingeharibu. Nikabana simu sikioni mpaka ikauma.

Kisha Solange akashusha sauti. Nilijua kinakuja kitu.

“Mama Asi, umuache huku kwanza mupaka Noeli. Anakula bien. Kule mutamupa nini, bunga ya muhindi kila siku?”

Nikasema mtandao ni mbaya, simsikii. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Alhamisi, 17 Julai

Nina hasira tangu asubuhi. Namchukia Solange kwa wema wake. Angemchapa mwanangu, angemlaza njaa, ningejua la kufanya.

Nilimweleza Mama Kevine nikitegemea agombe pamoja nami. Akaendelea kupepeta maharagwe.

“Mimi ningemuacha. Anenepe kwanza. Wewe utakwenda kumuona.”

Kumuona. Kama mgeni, na soda mkononi.

Ubaya ni kwamba wanasema kweli. Kule kuna maziwa. Kule hakuna karai la mafuta. Mama mwema angemwacha. Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima na bado sijaikubali.

Ijumaa, 18 Julai

Nimevunja mwiko. Nimekwenda Kakoba.

Sikumwambia mtu. Nilisimama kwa muuza chapati, ng'ambo ya barabara kutoka saluni ya Solange, kitenge nimejifunika kichwani. Asi alikuwa barazani. Amesukwa, amewekwa shanga nyeupe. Mashavu yamejaa. Kwa siku hizi chache tu! Alikuwa anamlisha mwanasesere kwa kijiko. Yeye, aliyekuwa anatema uji.

Kisha akajikwaa akaanguka, akalia. Nilishika kifua changu kwa mazoea, maana akilia tu blauzi yangu hulowa. Ilikuwa kavu.

Solange alitoka na kitana mkononi, akambeba. Asi akamshika shingo, akasema mama. Nilisikia wazi, pikipiki zote zile hazikuweza kulifunika. Mimi ndiye niliyemfundisha neno hilo, jioni baada ya jioni, nikijigusa kifua. Solange hakumsahihisha. Alifumba macho.

Muuza chapati alikuwa ameanza kunitazama. Nikanunua moja ili aache. Nikarudi nayo nzima Nakivale.

Jumamosi, 19 Julai

Sikukaanga leo.

Nimehamisha jiko. Liko nyuma ya nyumba sasa, na Mama Kevine amenisaidia kufunga kiambaza cha miti ili mtoto asilifikie. Hakuniuliza kwa nini. Nimezungumza na yule Mnyankole anayepita na madebe ya maziwa kwenye baiskeli. Ataniachia kikombe kila asubuhi, nitampa mandazi.

Haitakuwa kama Kakoba. Najua. Lakini kesho namfuata. Sina sababu nzuri. Namtaka, basi.

Jumapili, 20 Julai

Nilifika nikiwa nimeandaa maneno. Sikuyahitaji. Mfuko wa nguo za Asi ulikuwa tayari mlangoni, umekunjwa vizuri, na nguo mbili mpya juu.

“Nilijua utakuya,” Solange alisema. Hakunitazama.

Asi alijificha nyuma ya sketi ya Solange. Nikapiga magoti, nikaita. Akanitazama kama anavyomtazama muuguzi. Nikamnyanyua. Alipiga kelele, akanyoosha mikono yote miwili kwa Solange. Solange alisema nenda, nenda haraka, akafunga mlango. Kilichokuwa kinaendelea nyuma ya mlango ule nakijua. Nimekifanya mimi juma zima.

Kituoni watu waligeuka. Nilikuwa nimembeba kwa nguvu mtoto anayeita mama, mama, huku akiangalia tulikotoka. Askari mmoja akanisimamisha.

“Hii mutoto ni ya wewe kweli?”

Ni wangu, nilisema. Sauti yangu ilitoka kama ya mwizi. Alitazama uso wangu, akatazama wa Asi, akarudi kwangu. Tuna paji moja la uso, la mama yangu. Akatuachia.

Tulipopita ng'ombe hakuwaita. Alilala kwa uchovu wa kulia, kichwa mbali nami, kwenye mlango wa gari.

Jumatatu, 21 Julai

Amekunywa maziwa. Amekula ugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwa mikono miwili. Mama Kevine amekuja kushangaa. Nimempa Solange heshima yake mbele ya jirani, ilibidi.

Hakuomba titi. Nilipomwogesha aliliona, akaligusa kwa kidole kimoja, akaendelea kucheza na sabuni. Kazi imefanyika, kama kule kwetu.

Lakini hanijii. Nikimwita anakuja kwa adabu, kama mtoto wa watu.

Nilimpigia Solange nimwambie tulifika salama. Aliuliza kama amekula. Nikasema amekula. Nikamwambia aje Jumapili, tutakwenda wote kuangalia viboko. Akasema ataona.

Jumatano, 23 Julai

Upepo mwingi, vumbi mpaka ndani ya unga. Nimekaanga mapema. Maziwa yamekuja, yamechemka, yanapoa. Mama Kevine ameenda shambani.

Asi aliamka nikiwa bado nyuma ya nyumba. Nilimsikia anajisemesha mkekani, anaburuta kitu, ananyamaza. Halafu akaita mama, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama kuna mtu.

Sijui alikuwa anamwita yupi kati yetu. Nikaitika.