Kimya Changu Wasikiite Ridhaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nakaa Jang'ombe, nina mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa, akili yangu nzima ila mkono wa kulia na ulimi hunigomea, na barua hii naiandika kwa kidole kimoja, kidole hichohicho ninachowajibia kwenye simu wageni wanaotaka vyumba katika hoteli moja ya Kendwa, kazi niliyonayo mwaka wa nne sasa. Tangu mama afariki nakaa na kaka yangu Mbarouk, ndiye walii wangu wa kuniozesha, na wiki hii aliingia chumbani akaniambia, "Mzee Jecha wa Paje kakuposa, nami nshamkubalia. Sisi tukifa nani atakuogesha?" nikataka kumwambia naoga mwenyewe, na yule mzee simtaki, ana wake wawili na siku aliyokuja kuniona aliuliza kama nasikia, lakini mimi nikikasirika maneno hayatoki kabisa na kichwa hutikisika chenyewe juu chini, kaka akafurahi, akamwita shangazi, "Njoo uone, kaitika!" Ijumaa sheikh atakuja mlangoni kutaka idhini yangu, na shangazi kasema nisijisumbue, mwari akinyamaza karidhia, basi nikinyamaza nimeolewa, kichwa kikitikisika nimeolewa, naogopa mshauri, nifanyeje?

Kidole Kimoja, Jang'ombe

Mwanangu, jibu hili nilikutumia kwenye simu siku ileile, maana Ijumaa yako haisubiri gazeti. Nilikuonea huruma, kisha nikakasirika, na hasira nyingine nakukasirikia wewe. Kaka yako ana hofu ya kweli, lakini hofu haiozeshi mtu. Nawe je? Wageni wa nchi za mbali unawajibu kutwa, kaka aliye chumba cha pili hujamwandikia hata mstari mmoja! Umemwachia akusome kichwa, naye kasoma anachokitaka.

Kimya cha mwari huitwa ridhaa kwa sababu ya haya. Chako si cha haya, ila sheikh hawezi kujua asiloambiwa. Usimngoje mlangoni. Leo mpe kaka maandishi, shangazi akiwepo. Akikaidi, kesho nenda kwa sheikh mwenyewe na jirani unayemwamini, na ikibidi fika kwa kadhi.

Wala usihangaike kutunga barua, hii uliyoniletea inatosha. Futa "Mpendwa mshauri", weka jina la sheikh. Na pale chini ulipojificha, andika jina lako kamili.