Notisi Ndani ya Eda

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeoga, nimeswali, nimefagia ua. Chai ya rangi na kiporo cha muhogo. Kisha mashineni. Sare mbili za shule zimebaki upindo tu. Wateja hawaingii ndani tangu nikae eda. Zuhura anapokea vitambaa mlangoni na kuniletea. Kushona kunanisaidia. Mguu ukikanyaga, kichwa kinatulia kidogo.

Adhuhuri simu ya mume wangu Hashimu ililia. Marehemu hana haja ya simu lakini bado naichaji. Alikuwa Sefu, mwenye nyumba, anapiga toka Lindi. Anataka nihame kabla ya Jumapili kwisha. Amepata mtu wa kuigeuza nyumba iwe gesti, watalii wanapenda hizi kuta za zamani. Nikamwambia niko eda. Akasema, "Mimi nilimpangisha Hashimu. Wewe sikukupangisha." Akakata.

Nimeshona sketi ya mtoto wa watu nje ndani. Nimefumua yote.

Jumanne, 3 Septemba

Nimemwambia Zuhura. Ni wifi yangu, Hashimu alikuwa kaka yake. Anakaanga samaki sokoni na hajui kunong'ona. Kufika laasiri Kivinje nzima inajua nafukuzwa. Aibu. Kama vile mimi ndiye niliyefanya kitu.

Kodi imelipwa mpaka mwisho wa Desemba. Hilo nina hakika nalo, Hashimu alilipa kabla hajaugua na Sefu alipokea kwa mkono wake, hapa barazani. Lakini mkataba una jina la Hashimu peke yake. Hapo ndipo ninapokwama.

Alhamisi, 5 Septemba

Kaka Bakari amekuja kutoka Miteja. Amemuuliza shehe wa kwao. Mjane akitolewa kwenye nyumba si dhambi yake, anakwenda kuimalizia eda penye usalama. Chumba kwake kipo, amekwishakisafisha. Hana alichokosea. Nilimkasirikia hivyo hivyo.

Miteja ni mashamba. Nani atanipelekea kitambaa huko? Nitakaa kwa kaka nikila chakula cha mkewe, nikichagua maneno. Na Hashimu alifia chumba hiki, upande wa dirisha. Nilitaka nimlilie hapa mpaka siku zangu ziishe. Sikuweza kumweleza Bakari hili. Nimemwambia nitafikiri.

Ameondoka na gunia la sufuria zangu, ati kupunguza mzigo. Nimemwacha achukue. Sasa jiko limekuwa kama la mtu aliyekwishahama. Najuta.

Ijumaa, 6 Septemba

Zuhura amekwenda kwa mtendaji wa kata. Hayupo, yuko Masoko kikaoni. Atarudi Jumatatu.

Jumapili inatangulia Jumatatu.

Jumapili, 8 Septemba

Nimeshinda nimevaa buibui, nimekaa juu ya sanduku la nguo. Kila pikipiki ikipunguza mwendo, nasimama nikisikiliza. Sikula. Hakuja mtu. Ningefurahi, lakini sijui kama amesahau au anajiandaa.

Jumatatu, 9 Septemba

Wamekuja.

Mafundi wawili na ngazi, Sefu nyuma yao. Wamepitia mlango wa uani. Vyumba hawakuvigusa. Wamepanda juu ya jiko na choo wakaanza kuezua bati. Mimi ndani, wanaume uani kwangu. Nikafungua dirisha kiasi cha sauti kupita. Sikujua nina sauti kubwa vile. "Mnaezua na mimi nimo ndani?"

Fundi mmoja akateremka. "Samahani shemeji. Tumeambiwa nyumba tupu." Akauliza kwa nini nimejifungia, nikamwambia niko eda. Akaweka nyundo chini. Sefu akamwamuru apande tena, akakataa, akaondoka kabisa, akimwacha mwenzake juu. Simjui jina. Mungu amlipe.

Mwenzake aliendelea. Bati la jiko lote limeshuka, la choo nusu. Jirani alikwishakimbia sokoni. Zuhura akatokea na upawa mkononi, unachuruzika mafuta, na nyuma yake mtendaji anakimbia na viatu vya ofisini. Sijawahi kumpenda wifi yangu kama leo. Mtendaji akasimamisha kazi. Kesho tutakaa.

Mwandiko wangu mbaya leo.

Jumanne, 10 Septemba

Kikao kimekaliwa barazani kwangu kwa sababu mimi siwezi kwenda ofisini. Mtendaji, Sefu, Zuhura, na Bakari aliyefika kwa basi la asubuhi. Mimi nyuma ya pazia la mlango. Mtendaji ni msichana tu, mgeni huku, wa kutoka bara. Nilidhani Sefu atamla mbichi.

Akamwanza kwa shikamoo. Sefu akaitikia marahaba, akanyoosha miguu. Kisha mtendaji akamuuliza kodi aliyopokea ni ya mpaka lini. Sefu akasema Desemba. "Ulishairudisha?" Hakuirudisha. "Basi unamtoaje mtu kwenye siku alizokwisha kuzilipia?"

Sefu akarudia lake. Mpangaji wake ni Hashimu, na Hashimu hayupo.

"Mzee wangu, aliyekufa ni mtu. Mkataba upo. Alipanga akae na mkewe, na mkewe yumo. Nyumba ni yako, hakuna anayekunyang'anya. Ukiitaka, unampa notisi ya maandishi, mapema, ya muda unaotosha. Muda ukiisha akikataa, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wao ndio wanaotoa amri ya kumtoa mtu. Ngazi na nyundo si amri."

Kisha mtendaji akageukia pazia. "Mama, wewe unasemaje?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema sitaki nyumba ya mtu. Nikasema nataka kumaliza eda yangu hapa, na baada ya hapo nitafute pa kwenda kwa miguu yangu, nisibebwe kama gunia. Nikasikia Bakari anakohoa. Nilimwumiza. Ilikuwa lazima niseme.

Wamekubaliana. Sefu arudishe bati. Aandike notisi leo hii: nitoke mwisho wa Desemba, si kabla. Amri nyingine kwa simu hakuna. Aliandika akiwa ameinama, Zuhura akanipitishia karatasi chini ya pazia nisome. Imeandikiwa mimi, jina langu na la baba yangu. Ni karatasi ya kufukuzwa na nimeibusu. Mtu akiniona atasema nimerukwa na akili.

Jumamosi, 14 Septemba

Bati bado. Naoga alfajiri, nimezungusha kanga, mbingu inaniangalia. Napika chini ya anga. Zuhura anampigia Sefu kila siku, hapokei.

Jumatano, 18 Septemba

Bati limerudi. Ni yule fundi aliyekataa, kaja na misumari ya kwake. Hakusema nani kamtuma na Zuhura hakumwuliza. Nimempelekea chai kwa mkono wa wifi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sijaandika muda mrefu. Hakuna kilichotokea na bado naogopa, usiku nalala kwa vipande. Jana mtu alibisha hodi, nikajificha nyuma ya mlango na mkasi. Alikuwa mama mmoja analeta kitambaa cha gauni la harusi. Nimecheka baadaye, si sana.

Notisi nimeipata, haki nimeipata, lakini mwisho wa yote nitatoka. Watu wananipongeza. Sijui wanapongeza nini hasa. Nimepata kupumua, ndicho nilichopata.

Leo nimemlilia Hashimu vizuri. Tangu Septemba nilikuwa nimeshindwa. Hofu ilikuwa imekaa mahali pake.

Jumatano, 4 Desemba

Nimetoka eda. Wanawake wamekuja mapema, wameniogesha, wamenivisha kanga mpya, udi, dua, wali. Bakari kaja na mkewe, amenirudishia sufuria zote, zimesuguliwa zikang'aa. Nikamwomba radhi kwa neno la barazani. Akasema, "Ulisema kweli, dada. Ila gunia lile lilikuwa la sufuria tu." Tukacheka wote.

Jioni nimetoka nje ya mlango. Jua kali kuliko nilivyokumbuka. Nimekwenda mpaka kona nikarudi.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeona vyumba vitatu. Kimoja kinavuja. Kimoja mwenyewe ananiuliza nitaishije bila mume. Cha tatu karibu na barabara ya kwenda Masoko, kwa Bi Mwanaisha, bibi mkali, hataki kelele wala moshi. Dirisha kubwa, mashine itapata mwanga. Nimeuliza kabla ya yote: ukinitaka nitoke, utaniambiaje? Akaniangalia sana. "Nitakuambia mapema, kwa karatasi, kama watu." Nimekubali.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimehama kabla ya tarehe. Mkokoteni mmoja umetosha. Chumba cha Hashimu nimekifagia mwenyewe, nikasimama upande wa dirisha, nikasoma Fatiha. Sefu alikuja kuchukua funguo. Alitazama sakafu, akatazama bati, akasema, "Mungu amrehemu." Nikajibu amina. Sikumsamehe. Sikumlaani pia.

Jumatatu, 30 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nimekata gauni moja, nikajilaza kidogo kunyoosha mgongo. Nimeamshwa na Bi Mwanaisha anagonga mlango, laasiri imeadhiniwa, ana wasiwasi naumwa. Nikamwambia siumwi. Nilikuwa nimelala tu.