Ukungu wa Kilungu kwenye Kompyuta

Mwingi, Jumapili

Na matuta ndiyo alitaka kuyatoa kwanza, huyu Mwende. Kweli mjukuu wangu amezaliwa kwenye tambarare.

Juma zima amekuwa akinijengea Kilungu, kwetu kwenye vilima nilikokulia, ndani ya mchezo wake wa kulima, kwa maelezo yangu: matuta, miparachichi, njia ya kwenda mtoni. Leo baada ya ibada aliniketisha nitembee mle. Kompyuta yake ni kuukuu. Picha ilikwama kila hatua mbili, nikashikwa na kizunguzungu.

"Imelemewa, Susu," akasema, akiniita bibi kwa Kikamba. "Lazima tupunguze kitu. Nitoe matuta?"

"Toa, halafu mvua ikinyesha ukalitafute shamba mtoni."

"Susu, hii ni game tu."

"Hata kama. Toa vivuli."

Akazima vivuli, akapunguza nyasi. Bado ikakwama. Mwishowe akapunguza umbali wa kuona, na vilima vya mbali vikamezwa na ukungu mweupe. Hapo nikatembea bila kukwama hata mara moja.

"Pole, nimeiharibu," akasema.

Nikazidi kutembea. Asubuhi za Kilungu zilikuwa hivyo hivyo: unaona tuta lako na la jirani, basi.

"Nyuma ya ukungu kuna nini?" akauliza.

"Nyumba yetu," nikamwambia.

Akasema ataijenga kesho, akipata nafasi. Sikuweza kumwambia kwamba sikumbuki tena mlango wake ulitazama wapi.

Nilimwambia tu asiuondoe ukungu, maana nimeshazoea kutembea hivyo.