Jenereta Isiyo na Sauti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko wangu kwenye bahasha utakaa chini kwanza ndipo uifungue, maana siku hizi watu hawaandikiani barua ila kukiwa na jambo. Kaa tu mama, hakuna aliyekufa. Mimi natembea na kula, ingawa uchovu nilionao ningepata pa kuutua ningeutua leo hii. Wewe je, goti bado linakusumbua? Na cherehani ulishaibadilishia mkanda, au bado unaufunga kwa kitambaa? Bibi mwambie namwamkia, na mdogo wangu Kibonge mwambie apunguze kukua, nguo zake atavaa nani.

Ujumbe wako kwenye simu nimeusoma, ule mrefu. Umesema nimeota mapembe, kwamba simu unapiga inaita mpaka inachoka yenyewe, na kwamba shangazi alipokuja huku aliniita barabarani nikampita kama mti. Shangazi ametia chumvi kidogo, ni kawaida yake, lakini kama anasema aliniita basi aliniita, na kumpita nilimpita. Usimgombeze. Nitafika huko, ila kwanza nikusimulie masomo.

Unakumbuka mjomba alivyocheka aliposikia nimechagua somo la katuni. Alisema ningebaki nyumbani nijitazame kwenye kioo, katuni ningeiona bure. Basi mwambie si mchezo. Tunasomea chumba cha mwisho kwenye korido, kilichokuwa stoo ya viti vibovu, na viti hivyo hivyo vibovu ndivyo tunavyokalia. Mwalimu wetu tumempa jina la Kifutio, kwa sababu hajawahi kuuona ukurasa akauacha salama. Unachora kwa penseli, anafuta. Unarudia, anafuta kidogo. Akinyamaza ndipo unatia wino, na tone likidondoka pasipo pake unaanza upya. Vidole vyangu vina weusi usiosikia sabuni, na shingo inaniuma kwa kuinama.

Tulipoanza, sote tulichora puto kwanza, lile duara la maneno juu ya kichwa cha mtu, halafu tukahangaika kuyashindilia maneno ndani kama nguo kwenye sanduku dogo. Kifutio akatufundisha kuandika maneno kwanza, puto baadaye. Mkia wa puto unaonyesha nani kasema. Anayepayuka puto lake lina miiba, anayenong'ona lake lina mstari wa vidoti. Siku ile nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, na jirani yangu wa dawati akadhani naumwa.

Kisha likaja zoezi la sauti. Kifutio alisema tumezoea kuazima milio ya wageni ilhali lugha yetu imejaa: kitu huanguka pu, kikianguka majini chubwi, kwenye mchanga tifu. Akatutoa nje, kila mtu akae popote uani, achore anachokiona na aandike anachokisikia. Mimi nilikaa ngazini. Nikachora bomba linalovuja, nikaliandikia to, to, to. Nikachora mfagizi na ufagio wake, fya, fya. Nikachora ndege wawili kwenye waya, chwi, chwi. Nyuma yao nikachora jenereta ya chuo, kubwa, ikitoa moshi, kwa sababu nilipenda ilivyokaa pale ukutani.

Tulipobandika kurasa zetu, darasa zima likaangua kicheko mbele ya wangu. Nami nikacheka, maana nimezoea kucheka watu wakicheka. Baadaye ndipo nilipozitazama kurasa za wenzangu. Kila mmoja alikuwa ameandika NGURRR, herufi nene zimefunika anga na madirisha mpaka nyuso za watu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na jenereta ilikuwa ikinguruma hata watu wakawa wanazungumza kwa kupigiana mayowe. Bomba langu hakuna masikio ambayo yangelisikia. Wenzangu walidhani nimefanya utani, wakanipongeza.

Kifutio hakucheka. Wengine walipotoka aliniashiria nibaki, akageuka kufuta ubao. Akafuta, nami nikamngoja. Alipogeuka tena niliona usoni kwake kwamba alikuwa ameniuliza kitu, na si mara moja. Akachukua penseli, akachora kichwa chake mwenyewe kwenye pembe ya ukurasa wangu, akaandika maneno, akayazungushia puto. Aliuliza kama namsikia. Nikatikisa kichwa.

Mama, sisikii. Sikio la kulia liliondoka na ile homa ya mwaka jana, nikajikaza kisabuni nikiamini litarudi. La kushoto likalifuata polepole. Kifutio mwenyewe alinipeleka hospitali. Daktari alinipima, akaniandikia kwamba kilichokufa ndani hakifufuki, na kifaa cha kuvaa sikioni kitanipa ngurumo na milango tu, si maneno ya watu. Shangazi sikumdharau, sikujua kama yupo. Na simu yako huwa naiona mama. Inawaka, jina lako linatokea, nami naishika mkononi mpaka inazima.

Somo hili nililichagua kwa sababu katika katuni mtu akisema, maneno yake yanaonekana. Hapo tu ndipo napumzika. Kwingine kote nimechoka. Nimechoka kutazama midomo ya watu kutwa nzima, nimechoka kuitikia nisichokijua. Ningekutumia ujumbe ungenipigia papo hapo, ndiyo maana nimeandika barua. Na nilichelewa kuandika kwa sababu niliogopa utaniambia nirudi nyumbani, na kwa nilivyochoka ningerudi kweli. Sitaki kurudi, mama. Nataka kumaliza. Nakuomba usiniambie nirudi.

Uniombee radhi kwa shangazi. Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na wewe mwenyewe upumzishe hilo goti. Likizo nitakuja. Nitapiga hodi kama siku zote, lakini sitasikia ukisema karibu. Usinijibu ukiwa ndani, mama. Njoo mlangoni nikuone.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.